Mkono wa Kushoto Mfukoni

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni mkono. Kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ilijaa watu, kila mmoja akimwita muuzaji, na katikati yao kijana mmoja alikuwa anajaribu swichi kabla ya kuinunua. Waya, testa, bisibisi, vyote alivishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni na haukutoka.

Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi, na kiatu chake kimoja kilifungwa kwa kipande cha waya badala ya kamba.

"Dada, umekuja kununua au kuniangalia?" aliuliza bila kugeuka.

Binti alikuwa na gauni la njano lililopauka, na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. "Nataka msasa," alisema kwa sauti ndogo.

"Muuzaji, mpe msasa upesi, asije akatusugua sisi."

Watu walicheka. Binti aliinamisha uso, akatoka, na huo msasa akausahau kaunta.

Kesho yake kijana yule aliingia kwenye karakana ya kaka wa binti, boksi la vifaa begani, msasa mkononi. "Wewe Msasa, chukua mali yako."

Jina likaganda hapo hapo.

Kijana alikuwa fundi umeme, na aliitwa kufunga swichi ya msumeno mpya wa meza. Kaka alikuwa seremala. Ndiye aliyemlea binti tangu mama yao alipofariki, na msumeno ule aliutamani miaka mingi. Binti kazi yake ilikuwa kupiga msasa na vanishi. Siku hiyo alisugua mguu mmoja wa kiti mpaka ukawa mwembamba kuliko wenzake.

Fundi alizima swichi kubwa ya karakana, akatoa fyuzi, akaitia mfukoni. "Sasa hata mtu akija na hasira zake hawezi kuwasha," alisema. Hata hivyo alipima tena kwa testa kabla ya kugusa. Alifunga waya wa ardhi, wa kijani na njano, kwenye chuma cha mashine, akauvuta mara mbili kuona kama umekaza. Mwisho alimwita kaka.

"Kijani inawasha, nyekundu inazima. Lakini kubwa ni hili: umeme ukikatika, swichi hii inajiachia yenyewe. Umeme ukirudi, msumeno hauamki mpaka mtu abonyeze. Usije ukaibadilisha, kaka, hata ikikuudhi."

"Itaniudhi?"

"Umeme ukiwa mdogo itaachia ovyo. Itakuudhi sana."

Wifi wa binti, mke wa kaka, alikuwa mlangoni akitazama. Fundi alipoondoka, wifi alimkonyeza binti. "Wifi, umeona ule mkono? Hautoki mfukoni. Pale kuna pete ya ndoa inafichwa."

Maneno hayo yalimkaa binti kifuani wiki nzima. Fundi alipiga simu mara nne, akajibiwa "ndiyo" na "hapana" tu.

"Msasa, leo mbona mkavu hivi? Nimekosa nini?"

"Mkono wako wa kushoto una nini?"

"Una usingizi."

"Sitaki mzaha."

Alicheka, kisha akaacha. "Sikiliza, mpenzi. Mkono mmoja ukigusa umeme na mwingine umeshika chuma, umeme unapita kifuani, unapitia kwenye moyo. Fundi aliyenifundisha alikufa hivyo, nikiwa nimemshikia ngazi. Tangu siku hiyo huu naufunga mfukoni, nisije nikausahau."

Binti akasema, "Wifi anasema una mke."

"Mke ninamtafuta. Anakaa kwenye karakana moja, ana vumbi kwenye nyusi, na akiulizwa jambo ananyamaza kama kabati."

Siku hiyo kabati lilicheka. Wakawa wanaongea kila jioni, binti akiwa amekaa juu ya rundo la mbao, simu imebanwa begani. Alisoma mpaka darasa la tano tu, akaachia hapo, kwa hiyo ujumbe wa fundi aliusoma polepole, na mwingine aliurudia mara tatu, si kwa sababu ya ugumu. Wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi watu wa fundi waje kuzungumza na kaka.

Kisha ikaja wiki ya umeme mdogo. Taa ziliwaka nyekundu kama makaa. Kaka alikuwa na kazi ya milango ya shule, na asubuhi moja msumeno ulizimika mara tisa katikati ya ubao. Mara ya tisa alitupa tambara chini, akazima swichi kubwa, akachukua bisibisi.

"Njoo unimulikie."

Chini ya meza ya mashine ni giza hata mchana. Binti alichukua tochi lakini hakuiwasha. "Kaka, fundi alisema..."

"Fundi ni mumeo? Bado. Mulika."

Akamulika. Kaka alitoa swichi yenye vitufe viwili, akafunga ya kawaida, kama ya taa ya chumbani. Ile nzuri aliitupa kwenye kopo la misumari, akalirudisha kopo juu ya kabati. "Hili libaki kati yetu. Akijua atanuna bure."

Siku tatu baadaye, mchana, umeme ulikatika ubao ukiwa nusu. Kaka hakuzima swichi. Alikwenda kunywa chai, akakaa karibu saa nzima. Aliporudi aliona ubao umebana meno ya msumeno, akapeleka mkono kuuvuta. Umeme ukarudi.

Binti alikuwa na brashi ya vanishi mkononi. Sauti ya msumeno ilikuwa ile ile ya kila siku.

Vidole vitatu. Hospitali, kaka alikuwa amelala uso ukutani, mkono umekuwa furushi la bandeji. Ndugu walipouliza imekuwaje, alisema, "Yule kijana alifunga vibaya. Niliambiwa haitajiwasha." Binti alikuwa miguuni pa kitanda, ameshika bakuli la uji. Macho ya kaka yalimpitia, yakarudi ukutani.

Jioni simu iliita.

"Msasa, wewe ulikuwepo. Niambie uliona nini. Kitufe kilikuwa kimeganda? Ulisikia kitu kikiungua?"

Binti aliisikia pumzi ya fundi. "Sikuona," alisema.

"Sawa, mpenzi. Pumzika."

Hakupiga tena, na watu wake hawakuja. Mtaani alipewa jina la Fundi Vidole, na watoto walimfuata wakihesabu mpaka saba. Aliomba kuufungua msumeno autazame, akaambiwa akanyage pale aone. Mashine ilifunikwa turubai. Kwa hiyo aliifungua kichwani. Kila siku alifunga upya zile nyaya, moja moja, akitafuta aliyoilegeza. Mwisho wa mwezi aliipata, ingawa haikuwepo. Aliuza testa yake, akaenda kubeba matofali.

Binti alimwona huko siku moja, akitoka dukani. Shati la bluu lilichanika bega. Alibeba matofali kifuani, mikono yote miwili nje. Hakuna kilichomuuma kama kuuona ule mkono wa kushoto juani.

Wiki ya saba, mwenyekiti wa mafundi seremala alikuja karakana na wenzake wawili. Fundi aliitwa. Kaka alikaa kwenye kiti, mkono mapajani. Wifi alisimama nyuma yake. Binti aligawa chai.

"Kijana, unasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Sina la kukataa, mzee. Nimejiuliza sana. Nadhani kuna waya sikuukaza." Alimgeukia kaka. "Kaka, nisamehe. Sitagusa tena mashine ya mtu."

Kaka alitazama chai yake. Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Basi na sisi tuseme hivyo hivyo. Asipewe kazi tena."

Binti aliweka sinia chini. Alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo kutoka juu ya kabati, akalimimina mezani mbele ya mwenyekiti. Misumari ilitawanyika mpaka sakafuni. Katikati yake ilianguka swichi, kitufe cha kijani, kitufe chekundu.

"Nenda ndani," kaka alisema taratibu.

Hakwenda. Fundi aliiokota ile swichi, akaigeuza, akaitazama kila skrubu. Zote zilikuwa na alama ya bisibisi yake. Kisha alimtazama binti.

"Wiki saba," alisema. "Msasa, nilikuuliza."

Binti hakumtazama kaka wala mwenyekiti.

"Ulifunga vizuri," alisema. "Kaka aliitoa. Na mimi ndiye niliyemmulikia."