Wavu Uliofungwa Pande Mbili

Siku ya soko, duka la vifaa vya umeme la Keroka lilifurika, na watu wawili walikuwa wameng'ang'ania roli moja ya waya.

"Achilia, kaka. Ni ya mwisho na mimi nimeifikia kwanza."

Onyiego, fundi wa kibarua katika kiwanda cha chai kule Gesima, aliona ovaroli ya buluu, hereni nyekundu na macho yasiyotaka mchezo. Moyo ukamwenda mbio. "Tugawane basi, mrembo. Vihisi vya joto vinanitesa. Mota ya feni ikiwaka tu, namba zinaruka. Nisipotengeneza, ajira ya kudumu nitaiona kwa wengine."

Bathsheba, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vihisi viwandani, akacheka. "Waya wa kihisi upitishe mbali na wa mota. Na huu wavu wa shaba unaofunika waya, ufunge kwa ethi, yaani waya unaoshuka ardhini, upande mmoja tu. Umesikia?"

"Nimesikia. Nipe namba yako nisije nikasahau."

Mapenzi yakakolea kwa simu, asubuhi na jioni. Lakini Onyiego alikuwa mtu wa pupa. Alifunga wavu pande zote mbili, akidhani kinga mara mbili ndiyo bora. Namba zikazidi wazimu, chai ikaungua kwenye kikaushio. Ijumaa jioni akampigia Bathsheba mara kumi na saba. Simu imezimwa. Alijua fika kwamba mpenzi wake Msabato huzima simu jua la Ijumaa likitua mpaka Jumamosi jioni, ila hofu haina kalenda. Akaona ameachwa. Meneja alipomjia juu, akajitetea: "Kuna fundi mwanamke alinishauri vibaya."

Jumapili, baada ya kuona alivyopigiwa, Bathsheba akaja mwenyewe, rinda la kijani na begi la vyombo. Akafungua wavu upande mmoja, akawasha mota. Namba zikatulia.

"Kumbe ni wewe uliyetuunguzia chai?" meneja Omosa akamuuliza.

Bathsheba akamgeukia Onyiego. "Mimi?"

Onyiego akamgeukia meneja. "Hapana, bosi, si yeye. Aliniambia upande mmoja. Nilikosea mwenyewe, nikamsingizia."

"Basi rudisha funguo," meneja akasema.

Nje ya geti Bathsheba akamkabili kwa hasira. "Ungengoja siku moja tu, Onyiego. Moja!"

"Niliogopa, mpenzi. Nisamehe."

"Nilitaka kukuacha palepale, mbele ya bosi wako."

"Na sasa?"

Bathsheba akafuta chozi, akamtupia begi. "Sasa huna kazi. Kesho nafunga vihisi Nyamarambe, nataka msaidizi anayesikia akiambiwa. Saa mbili, na usichelewe."