Nyayo za Dokta Nyamizi

Vitembezi elfu mbili vilitoka bohari saa kumi na mbili asubuhi, vikaingia mitaa ya Kilongoni. Ni mashine za kimo cha mtoto wa darasa la pili, zina miguu minne, na dawa hukaa kwenye ubaridi tumboni mwake. Hupiga hodi, huchanja watoto, huchora alama ya chaki mlangoni, kisha hao, nyumba ya pili. Hazichoki wala haziombi posho, na watu walishazizoea kama walivyozoea kuku.

Akili ya mashine hizo ilitokana na mtu mmoja, Dokta Nyamizi Kasubi. Miaka thelathini nyuma alikuwa mchanjaji wa mtaani, saa ya mkononi ikirekodi kila hatua yake, na kata yake ndiyo pekee iliyofikia mia kwa mia. Wahandisi wakaichukua rekodi ile wakaziambia mashine: tembeeni kama huyu. Tangu hapo mama wa watu akapanda cheo baada ya cheo, na leo saa nane mchana baraza lingemthibitisha kuwa Mganga Mkuu wa Jiji.

Lakini kulikuwa na surua. Watoto kumi na tisa walikufa ndani ya wiki tatu, katika jiji ambalo kila mlango una chaki, jamani. Nyamizi ndiye aliyesaini taarifa zote za vifo. Ya kwanza alilia. Zilizofuata alisaini tu, kisha akanywa chai, na ganzi ile akaizoea.

Saa tatu akaingia ofisini kwake Mhandisi Shija, msimamizi wa vitembezi, akaketi kabla ya kukaribishwa. Alieleza kwamba nyumba zote za watoto waliokufa zilikuwa na matanga siku kitembezi kilipofika. Kiliona turubai na watu mikekani, kikainamisha kichwa, kikachora chaki, kikaondoka. Wala hakikuharibika. Kilifundishwa hivyo.

"Rekodi yako ina milango kumi na mmoja, mama," alisema. "Kila penye msiba ulichora ukapita."

Ni kweli. Angeingiaje nyumba ya wafiwa kumdunga mtoto alie? Aliona haya. Na bila chaki mkubwa wake angemgombeza, basi alichora kwanza. Matanga yalipoanuliwa alirudi Jumapili, kwa wakati wake mwenyewe, saa ya mkononi ameiacha nyumbani kwa kuwa kikazi milango ile ilikwisha. Watoto wote aliwachanja, hakubaki hata mmoja. Mashine zikajifunza kuchora na kuondoka, kwa sababu ndicho kilichorekodiwa.

Shija akashauri, kwa sauti ya chini, waseme ni hitilafu ya mitambo, na watangaze kesho, baraza likishamaliza. Siku moja tu. Nyamizi alimwuliza jambo moja.

"Nyumba zilizofiwa wiki hii, leo kuna nini?"

Shija alitazama sakafu. "Kuna matanga, mama. Na wadogo zao wamo humo humo."

Nyamizi akamwagiza avisimamishe vitembezi vyote sasa hivi, sababu aiandike kama ilivyo, kwa jina lake yeye Nyamizi, na aipeleke barazani kabla ya saa nane. Alijua amejimaliza kwa mkono wake. Alingoja uchungu, haukuja. Akachukua kasha la chanjo, akatoka kwa miguu.

Katika nyumba ya kwanza, mwanamke aliketi mkekani na jirani zake. Mwanawe Maganga alikuwa amezikwa juzi. Nyamizi alitoa pole, akapiga magoti, akaeleza kila kitu bila kujitetea. Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita binti yake mdogo, Limi, akampakata, akamshika mkono. Sindano ilipoingia mtoto alilia kwa nguvu zake zote, na hakuna mfiwa hata mmoja aliyegeuka.

"Mngeuliza tu, daktari," mwanamke alisema. "Siku ile ya msiba wa babu yao tungewatoa wote wawili."