Pilau ya Kupigia Picha

"Nesi, sogea kushoto. Ndoo ya deki inaonekana."

Kokushubira akasogea. Akashika upawa juu ya sufuria la pilau, akainamisha kichwa, akatabasamu. Nyuma yake watoto kama kumi na wawili walikuwa wanagombania soda moja, na hicho ndicho alichokitaka. Picha ionekane ina watu.

"Tayari," alisema Felista akimrudishia simu. "Haya, kaa nikupakulie."

"Siwezi, Mama Goodness. Niko zamu. Kuna mama yuko kwenye uchungu."

"Mama gani? Nimepita zahanati sasa hivi, hakuna hata mbuzi."

"Anakuja."

"Nani, mbuzi?"

Koku akampa mgongo. Alikuwa ameshainama anaandika kwenye simu.

"Wewe Kokushubira," Felista akashika kiuno. "Mtu gani anapiga picha na chakula cha watu halafu anaondoka? Picha ndiyo itashiba?"

"Nitakuja jioni."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

Ujumbe ulikuwa umeshaondoka: *Krismasi njema mwalimu wangu. Huku tumejaa mpaka nje, pilau hadi kwa majirani. Na wewe huko?*

Kisha nesi akarudi zahanati ya Natta, akafungua hotipoti yake, akala ugali uliopoa na dagaa, peke yake, akitazama mzani wa watoto ukining'inia bila mtoto. Wenzake wote walikuwa wamekwenda makwao. Yeye kwao ni Bukoba, na mwaka wa tano ulikuwa unaisha tangu serikali imlete Natta. Kusema kweli pilau aliipenda. Ila aliogopa kukaa kwenye jamvi la watu wenye waume na watoto, akaulizwa "mwalimu anarudi lini," akaangusha chozi kwenye sahani ya watu siku ya sikukuu.

Mwalimu mwenyewe ni Anold, Mkurya wa Nyamwaga kule Tarime. Aliwahi kujitolea kufundisha shule ya msingi pale Natta, akaugua malaria, akapelekwa zahanati, akakutana na nesi aliyemchoma sindano huku anamgombeza kwa kuchelewa kuja. Malaria ikapona, mapenzi hayakupona. Baadaye akapata ufadhili wa kusoma Algeria, mji unaitwa Setif. Mwaka wa nne sasa. Alikuwa amerudi mara moja tu, wazee wakapeleka posa hadi Bukoba, ikapokelewa. Ndoa ilikuwa inasubiri amalize, na alikuwa amebakiza miezi saba.

Sasa tuvuke hadi Setif tumwone bwana harusi.

Ujumbe ulimkuta amevaa soksi tatu. Nje theluji. Chuo kimefunga likizo ya baridi, wenyeji wote wameondoka, na Watanzania wenzake walikuwa mji mwingine. Bweni zima lilikuwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa mlinzi. Huko Desemba ishirini na tano ni siku kama siku nyingine. Anold alikuwa amekula mkate na sadini, ameimba wimbo mmoja wa kwaya kwa sauti ya chini, akanyamaza baada ya kuona ukuta unamrudishia sauti yake.

Akaitazama picha ya Koku. Akamwona anacheka, watoto nyuma yake, mvuke wa pilau. Akajisemea, mwanamke ana raha yake, nimpelekee kilio? Akatafuta kwenye simu picha yoyote yenye watu. Akaipata moja, barabara imejaa watoto wameshika mishumaa, fataki angani, yeye katikati.

*Na wewe pia nesi wangu. Huku ni mishumaa kila kona, hatulali. Usiwe na wasiwasi na mimi.*

Ile ilikuwa picha ya Maulidi. Ya mwezi wa tisa.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Pasaka ikafika, Koku akatuma picha yuko na kwaya ambayo yeye hata haimbi humo. Anold akatuma picha ya futari, meza ndefu, wanaume ishirini, akasema ni marafiki zake. Ishirini hao alikula nao mara moja tu, na aliowajua majina walikuwa wawili. Kila mmoja akamwona mwenzake amenawiri, kila mmoja akafurahi kwa mdomo, akazima simu na kugeukia ukutani.

Idi ya kuchinja ikaja mwezi wa sita. Safari hii Anold hakusema uongo. Rafiki yake Yacine alimchukua hadi nyumbani kwao. Kondoo alipochinjwa, fundi wa kuchuna hakutokea, na Mkurya akaomba kisu. Ngozi akaitenganisha kwa ngumi kama walivyomfundisha Nyamwaga, bila kuitoboa hata kidogo. Majirani wakaja kumwita. Hadi adhuhuri alikuwa amechuna kondoo sita, na amevishwa kanzu ya baba yake Yacine. Mtu akampiga picha ameketi na mama mwenye nyumba, anacheka. Akaituma kama ilivyo.

Koku aliipokea akiwa kwa Felista, anasaidia kuchambua mchele.

"Mbona umetulia?" aliuliza Felista.

"Tazama."

Felista akatazama. "Amependeza. Hiyo kanzu hata shekhe wa Mugumu hana."

"Sisemi kanzu. Angalia anavyocheka."

"Anacheka, ndiyo. Ulitaka alie?"

"Mama Goodness, mimi kicheko cha kupigia picha nakijua. Hiki ni cha kweli." Akaweka ungo chini. "Huyu amepata kwao kwingine."

Siku ya pili yake Anold akapiga.

"Koku, kuna jambo."

"Sema."

"Chuo kimenipa nafasi ya kuendelea. Miaka miwili. Fomu inatakiwa isainiwe kabla ya tarehe thelathini."

Koku akaegemea ukuta wa zahanati. Miaka miwili. Aliihesabu miwili hiyo kwa Krismasi, kwa Pasaka, kwa hotipoti.

"Ni nafasi nzuri," alisema.

"Ni nzuri. Wewe unasemaje?"

"Mimi niseme nini tena? Saini."

"Hivyo tu?"

"Huko umepata watu, Anold. Nimekuona. Umecheka mpaka jino la mwisho."

"Na wewe je? Kila sikukuu nyumba haitoshi. Mimi nikija si nitakosa hata pa kukaa."

"Nani amesema utakosa pa kukaa?"

"Hakuna aliyesema. Hakuna aliyesema nije pia."

Mtoto alikuwa analia huko ndani, na Koku akakitumia kilio hicho.

"Nina wagonjwa. Saini, mwalimu."

"Sawa. Nitasaini."

Anold akakata kwanza. Kwa miaka minne hajawahi kukata kwanza.

Jumapili, Felista ametoka kanisani, hajavua hata viatu, simu ikaita. Namba ndefu ya nje.

"Shikamoo, dada Felista."

"Marahaba, mwalimu. Leo umetukumbuka?"

"Dada, naomba uniambie ukweli. Koku ana mtu?"

"Mtu yupi?"

"Mwanaume."

Felista akavuta kigoda. Habari ya namna hii haisikilizwi umesimama.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimemwambia nabaki miaka miwili, ameniambia saini kama anayeniambia nifunge mlango. Na nikitazama hizo sikukuu zake, mtu mwenye furaha hivyo hawezi kuwa peke yake."

"Sikukuu zipi?"

"Pilau, watoto, watu wamejaa."

Felista akacheka mpaka Goodness, binti yake, akatoka jikoni kuangalia kulikoni.

"Mwalimu, hiyo pilau ni yangu. Hao watoto ni wangu na wa majirani. Huyo nesi wako anakuja, anashika upawa, ananiambia Mama Goodness piga. Nikishapiga anaondoka. Krismasi alikwenda kula dagaa zahanati. Pasaka nilimfuata na sahani mimi mwenyewe, nikamkuta amejifungia stoo ya dawa, macho mekundu. Ananiambia ni klorini."

Felista akaitoa simu sikioni, akaitazama.

"Mwalimu? Umekatika?"

"Nipo. Mbona hakuniambia?"

"Akuambie wewe uliyekuwa unakesha na mishumaa?"

"Dada, ile mishumaa... haikuwa ya Krismasi. Ni ya Maulidi. Krismasi nilikula sadini, niko na mlinzi."

Felista akayapanga hayo mambo kichwani yakae vizuri.

"Kwa hiyo wewe mwongo."

"Ndiyo."

"Na yeye mwongo."

"Ndiyo, dada."

"Basi mnafaa kuoana. Fomu umesaini?"

"Ipo mezani."

"Sikiliza. Mimi jambo hili siwezi kukaa nalo, litanivimbisha tumbo. Saa kumi nina kikao cha akina mama. Una mpaka saa kumi umwambie mwenyewe."

Saa tisa na nusu simu ya Koku ikaita. Alikuwa anafua sare. Akaipokea kwa mkono wenye povu.

"Umeshasaini?"

"Kwanza nikuombe msamaha," alisema Anold. "Krismasi sikuwa na mtu. Picha ilikuwa ya mwezi wa tisa. Ile meza ya Pasaka siwajui wale watu. Nimekudanganya miaka minne, nilidhani nakupunguzia mzigo."

Povu likawa linadondoka kwenye kanga ya Koku. Hakulifuta.

"Na Idi?" aliuliza. "Usiniambie Idi ni uongo. Ile sura naijua."

"Idi ni kweli. Yule mama aliniuliza kama nina mchumba. Kiarabu changu cha kuokoteza, nikamwambia ninaye, ni nesi. Akauliza, ni mpole? Ndipo nikacheka."

Koku akakaa chini, pale pale kando ya beseni.

"Nikamwonyesha kwa mikono ulivyonichoma sindano huku unanisema. Wakacheka wote. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikafungua bomba la maji ili wasinisikie. Koku, siku ile nilikuwa katikati ya watu wanaonipenda, na nilikuhitaji kuliko siku zote za sadini."

"Anold."

"Naam."

"Ile pilau ni ya Mama Goodness."

"Najua."

"Amekuambia."

"Ameniambia na klorini."

Koku akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akaacha kitoke. Mara ya kwanza Anold anamsikia analia, na hakumwambia anyamaze.

"Fomu iko mbele yangu," alisema baadaye. "Nikuulize wewe, siyo picha. Unasemaje?"

"Sitaki kukuzuia. Nyamwaga watasema Mhaya kamkatiza mtoto wao masomo."

"Sijawauliza Nyamwaga."

"Ni miaka miwili tu."

"Nimekuuliza wewe, Koku."

Kwenye kamba sare zilikuwa zinapigwa na upepo. Aliziangalia zote, moja moja.

"Njoo," alisema.

"Sijasikia."

"Umesikia."

"Nataka nisikie tena."

"Njoo, Anold. Nimechoka kukukumbuka."

Siku ile kikao cha akina mama kilianza saa kumi na moja, kwa sababu mwenye habari alichelewa kufika akisubiri kupata na mwisho wake.

Anold aliirudisha fomu ikiwa nyeupe. Alifanya mtihani wa mwisho, akaaga kwa kina Yacine, akapanda ndege. Hakumwambia mtu siku ya kufika. Na hakupita Nyamwaga kwanza, jambo ambalo mama yake, Nyangi, amelisema kwenye kila msiba tangu hapo.

Ilikuwa Jumanne ya katikati ya Julai. Hakuna sikukuu. Kwa Natta ni siku ya kliniki, benchi limejaa akina mama na watoto wa kupimwa uzito. Mwanaume mrefu mwenye begi na vumbi hadi kwenye nyusi akaja, akasalimia, akaketi mwisho wa foleni.

"Baba, karibu," alisema mama aliyekuwa mbele yake. "Mtoto wako yuko wapi?"

"Bado."

"Bado hajafika?"

"Bado hajazaliwa."

"Na mama yake?"

Anold akaonyesha kwa kidevu. Mbele kabisa nesi alikuwa amewapa mgongo, anamvisha mtoto suruali ya mzani.

Benchi zima likamgeukia. Kisha likalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, watoto wakaanza kulia wote kwa pamoja.

"Kelele, tunapima hapa," alisema Koku bila kugeuka. Vigelegele vikazidi. Akageuka.

Hakukimbia. Hakupiga ukunga. Alisimama ameshika miguu ya mtoto wa watu, anatazama tu mwisho wa benchi, midomo imefungwa kama mtu anayehesabu. Kisha akaurudia mzani, akaandika kilo kumi na saba kwenye kadi ya mtoto wa miezi mitano.

"Nesi," alisema mama mwenye mtoto, "mwanangu siyo ndama."

Wakacheka. Koku akafuta, akapima upya, akaandika sawasawa.

"Jamani mpisheni baba wa watu apite mbele," mama mmoja akasema. "Ametoka mbali."

"Hapana," alisema Koku. Sauti ilisikika hadi kwenye uzio. "Akae foleni. Mimi nimekaa miaka minne."

"Nakaa," alisema Anold.

Akakaa. Mbele yake walikuwa ishirini na mmoja. Aliyemaliza kupimisha hakuondoka. Alifunga mtoto mgongoni, akasimama pembeni kungoja. Felista aliletewa habari akaja na mwiko mkononi. Saa moja na nusu ilipita hivyo, nesi anapima, anaandika, haangalii nyuma, na kila mtoto anapotoka mzanini begi la Anold linasogea hatua moja.

Benchi likabaki na mtu mmoja.

Koku akachukua kadi mpya. Akashika kalamu.

"Jina?"

"Anold Matiko."

"Unaishi wapi?"

Mwalimu akatazama ile zahanati, akina mama wamejazana mlangoni, Felista na mwiko wake.

"Hapa," alisema.

Koku akaandika hivyo hivyo. Akaweka kalamu chini, akamshika mkono, na hakumwachia hata walipoanza kusukumwa na watu waliotaka kuona vizuri.