Chupa Iliyoandikwa SAFI

Sumu ilionekana kwenye chupa isiyohusika.

Mpimaji wa maabara ya polisi akaguna. Marehemu alikaa wiki tatu kichakani, damu ya kupima haikuwepo tena, ila mabuu waliomla walibeba alichonyweshwa. Chupa yao aliiandika MAREHEMU. Ya pili, ya mabuu aliowalea mwenyewe kwa maini ya ng'ombe ili alinganishe, aliiandika SAFI. Sasa mashine inadai wa marehemu hawana kitu, na wa maini wamejaa sumu ya panya. Mambo gani haya?

Akaosha vyombo, akarudia. Yale yale. Akalea wengine kwa maini mapya, siku nne nzima. Yale yale, mpaka akatamani kuipiga mashine teke. Mkuu wake akasema amechanganya chupa, na majibu yasipopatikana kabla ya saa sita mchana, mume wa marehemu, aliyeshikiliwa kwa kumuua, anaachiwa na kumchukua binti yao wa miaka mitatu kutoka kwa bibi. Bibi mwenyewe, mama wa marehemu, alikuwa kwenye benchi nje tangu asubuhi. Kila mlango ukifunguliwa aliuliza kama bado.

Saa tano na nusu mpimaji akabadilisha vibandiko vya chupa hizo mbili, akapima tena. Sumu nayo ikahama, ikalifuata neno SAFI, na karatasi ikatoka vile vile: MAREHEMU, hakuna. Kwa hasira akavibandua vyote viwili, akavitupa.

Hapo harufu ya marashi ya waridi, kama yale ya kuitia majini, ikatanda chumbani, na mabuu aliowaua jana kwa maji ya moto wakaanza kujinyonganyonga, wakipanda kioo, wakisuguana, mpaka ule msuguano ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri.

"Nilitumwa niifiche sumu. Umefuta anwani. Niipeleke wapi?"

Hasira ya siku zote zile ilikuwa bado haijamwisha.

"Ipeleke kwa mwenyewe," akanong'ona.

Simu ikalia. Askari wa kituoni alisema mume ameanguka ghafla mahabusu, povu mdomoni, amekufa, na daktari anasema ni sumu ya panya. Mtoto abaki kwa bibi yake.

Mpimaji akakaa chini, akalia kwa nafuu. Kisha akainuka ili akamwambie yule mama.

"Bosi," ikaita sauti ile ile nyuma yake, kwa heshima kabisa, "nani mwingine?"