Kopo la Mwisho la Mama

Jioni nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na kazi yake: mimi niliosha vyombo, mdogo wangu alinuna, na shangazi alitupa vitu. Mdogo wangu tulimwita Kijiko, kwa sababu tangu alipoota meno hakukubali kulala bila kijiko mkononi. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu baada ya mama kufariki, na kwake kitu kisichotumika siku mbili kilikuwa takataka. Baba, mpaka rangi wa majumba, alirudi na rangi masikioni, akanawa, tukala kimyakimya.

Zamani hatukula hivyo. Mama alifanya kazi ya upishi miaka tisa nyumbani kwa mhandisi mmoja kutoka Meksiko, na mke wa mhandisi alimfundisha mapishi ya kwao. Mama akayaleta mezani kwetu, tena siku za kawaida tu: totiya, yaani chapati nyembamba za mahindi, maharage meusi yaliyopondwa, na mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu, karanga, ufuta na chokoleti, unaomwagiwa kuku. Majirani walitucheka. "Hao wanakula kuku kwa peremende," walisema, halafu jioni wakaja kuazima chumvi na kusimama karibu na sufuria yetu kupita kiasi.

Mama alipojua kwamba hatapona tena, alipika mole siku mbili mfululizo, ameketi kwenye stuli kwa sababu miguu ilikataa. Akaigawa katika makopo manane, akaandika siku yake juu ya kila kifuniko, akayapanga kwenye friza. "Baba akirudi amechoka sana." "Mvua ikinyesha kutwa." Langu lilisema, "Siku ya matokeo ya mtihani." Yaliisha moja baada ya jingine. Likabaki moja tu: "Kijiko akitimiza sita."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili Kijiko atimize miaka sita tulipofanya maonyesho ya kazi za mikono shuleni. Kikapu changu kilishika nafasi ya kwanza. Wenzangu walipigwa picha na mama zao, na mimi nikarudi nyumbani kabla ya wote. Hapakuwa na mtu. Nilifungua friza ili nisome mwandiko wa mama tu. Kisha nikaonja barafu ya ukingoni kwa kidole. Kisha nikawasha jiko. Nilikula nimesimama, kwa mkate mkavu, machozi yakinitoka, na nilipofika chini ya kopo ilikuwa kama mama amekufa tena. Kopo na kifuniko chake nikavifukia jalalani nyuma ya nyumba.

Jumamosi shangazi aliyeyusha barafu na kusafisha friza. Jumapili baba akaifungua.

"Kopo la Kijiko liko wapi?"

"Shangazi alisafisha friza jana," nikasema.

"Ulimwona akilitupa?"

"Ndiyo, baba."

Baba si mtu wa kelele. Siku hiyo sauti yake ilitetemeka. "Dada, umetupa viatu vya mama yao, nikanyamaza. Umetupa mto wake, nikanyamaza. Hata hili?"

Nilitegemea shangazi awake moto, maana ulimi wake si wa kuazima. Hakubisha. Alijishika kichwa. "Sikumbuki, kaka. Lakini unanijua, natupa bila kuangalia. Huenda ni mimi."

Alitoka akaenda jalalani, akafukua kwa mikono. Alirudi na kifuniko, akakifuta kwa khanga yake aliyojifunga kiunoni, akakiweka mezani. "Basi ni mimi," alisema. Akaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi lake.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu ilikuwa hatua kumi na moja, toka jikoni hadi mlango wa shangazi, na sijawahi kutembea mbali kama siku hiyo. Nilimkuta anakunja nguo, mikono bado ina uchafu.

"Shangazi, usiondoke. Ni mimi niliyekula. Nilimkumbuka mama."

Aliketi kitandani, gauni alilokuwa akikunja likiwa mapajani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alimwomba dada yake msamaha.

"Kula umekula kwa uchungu, hilo nalielewa," shangazi akaniambia. "Lakini uchungu wako umeutwika kichwani kwangu, nami nikakubali kuubeba kwa sababu nilikuamini. Na Kijiko utamwambia mwenyewe."

Siku ya Kijiko ilipofika, shangazi alitaka tupike wenyewe. Mimi ndiye niliyewahi kusimama karibu na mama akipika, kwa hiyo nilielekeza. Pilipili za kwanza ziliungua, nyumba nzima ikakohoa, baba akakimbilia nje. Totiya za unga wa dukani zilipasuka zote, ndipo nikakumbuka kwamba mama alichemsha mahindi kwa chokaa ya chakula kabla ya kuyasaga. Tukaanza upya. Tulipoketi kula, shangazi alikuwa na ufuta hadi kwenye nyusi.

Kijiko alionja. Akaweka kijiko chini, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Hii siyo ya mama."

Nilimwangalia machoni. "Ya mama niliila mimi, Kijiko. Ilikuwa yako, nikaila peke yangu. Halafu nikamsingizia shangazi. Nisamehe."

Midomo yake ilicheza. Nilingoja alie, au anipige. Aliniangalia tu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Kwanza utamu kidogo, kisha ukali unaopanda taratibu, kisha ladha ya karanga inayobaki mdomoni. Alisikiliza amefumba macho, akimeza mate, machozi yakimshuka. Baba alijifanya anatafuta chumvi.

"Mchuzi wa mama yenu haurudi," shangazi alisema mwishowe, "na hakuna hapa wa kuuiga. Lakini ukosefu wake ukisemwa kweli, watu wanaweza kukaa meza moja na kuulilia pamoja. Ukifichwa, mmoja anafunga begi. Haya, Kijiko, lete sahani. Totiya zikipoa, hata mbwa hatatafuna."