Pikipiki Hufuata Macho

Saa 4:00 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili. Watu watatu walizunguka ramani iliyochorwa kwa chaki sakafuni. Kipara, bosi mwenyewe. Bubu, mtu wa bunduki, aliyeitwa hivyo kwa ubahili wa maneno. Na mwanamke ambaye wote walimwita Shemeji, kwa kuwa alikuwa mke wa Fundi, dereva wao wa zamani. Marehemu sasa.

"Duka la sonara, dakika tatu," Kipara alisema. "Mimi na Bubu ndani. Shemeji nje na pikipiki mbili, zote zimewashwa. Mkoba utaubeba wewe. Halafu njia ya machimbo. Gari la polisi halituwezi kule."

"Kule ni kokoto tupu," Shemeji alisema. "Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Breki ya mbele isahau. Usiilaze pikipiki. Gia ndogo, mafuta kidogo kidogo, mikono ilegee."

"Unamfundisha samaki kuogelea?"

"Fundi naye alikuwa samaki."

Fundi alianguka kona ileile ya machimbo miezi mitano nyuma, wakitoroka na wizi mwingine, mguu chini ya injini. Kipara aliokota mkoba, akamwacha. Siri hiyo Bubu alimtobolea mjane juzi, na tangu juzi mjane huyo hakula wala kulala. Alimtaka Kipara tu. Dhahabu wangegawana mbwa.

Saa 6:10 mchana.

Kengele ililia mapema. Mlio wa risasi. Kipara alitoka mbio, akamrushia Shemeji mkoba, akarukia pikipiki yake.

"Bubu je?"

"Kapigwa paja. Twende!"

"Namwona anatambaa!"

"Kila mtu abebe msalaba wake! Ondoka!"

Tazama shetani asiye na haya! Mara ya pili, tena jua la utosi, watu wanaona. Shemeji aliuma meno, akaondoka.

Saa 6:31.

Kona. Shemeji alipunguza mwendo mapema, akakaa wima, akaiacha tairi ya nyuma icheze ilivyotaka. Kipara, nyuma yake, alifanya vilevile. Mwanafunzi mzuri, sikatai. Ila jambo moja hakuambiwa: pikipiki hufuata macho. Ukitazama njia, utapita. Ukitazama korongo, ni lako.

Kwa mkono wa kushoto Shemeji alifungua zipu, akautupa mkoba ukingoni. Mikufu ikamwagika, ikameta juani.

Kipara akageuza macho. Lo! Kilo mia mbili na zaidi za chuma zikayafuata. Alishtuka, akakamata breki ya mbele, na hapo mchezo ukaisha.

Saa 6:33.

"Shemeji! Mguu! Nitoe!"

Shemeji alisimamisha pikipiki, akavua kofia ngumu, akachuchumaa kando yake. King'ora kilisikika kwa mbali.

"Fundi alisema nini ulipomwacha?"

"Nitoe kwanza, dada yangu..."

"Alisema nini?"

Kipara alianza kulia. "Aliniita. Aliniita mpaka nikawa simsikii tena."

Shemeji alijifuta machozi kwa glavu.

"Basi na wewe ita."

Aliondoka taratibu, gia ndogo. Nyuma yake sauti ilipanda: Shemeji, dada, mama. Kofia aliitundika kwenye usukani, asije akakosa hata neno moja.