Meno ya Mama Ziba

Meno yalikuwa yameibwa. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Inspekta alipolisikia kwenye simu aliomba arudiwe, kisha akamgeukia koplo wake kwa jicho la kumkataza kucheka. Koplo hakukatazika.

"Ya bandia, afande?"

"Ya watu. Panda gari."

Eneo la tukio lilikuwa maabara ya chuo cha madaktari wa meno, chumba kirefu kinachonukia karafuu na dawa. Pembeni mwa ukuta palikuwa na tangi la maji la kutumia umeme. Hadi Jumamosi usiku tangi hilo lilikuwa na safu ya chupa za kioo, kila chupa na meno yake. Jumatatu asubuhi lilikutwa na maji matupu. Inspekta alifunua kifuniko, akachovya kidole. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yamefika sawasawa kwenye mstari mwekundu uliochorwa ndani. Aliuona mstari, akapita. Baadaye alikuja kujiuliza macho alipewa ya nini.

Aliyewapokea alikuwa daktari msaidizi, binti mwenye miwani na sauti ya kulia.

"Ni meno yaliyong'olewa, wenyewe wameyaacha," alieleza. "Tuliyatoboa, tukayaziba, tukayaweka kwenye maji yenye joto la mwili. Yamekaa humo zaidi ya mwaka."

"Ya nini?"

"Kiraka cha jino kinashikwa na gundi, afande. Siku ya kwanza kila gundi ni shujaa. Shida ni mate. Yanapenya kidogo kidogo kati ya gundi na jino, na jino lenyewe lina vimeng'enya vinavyotafuna pale lilipoungana na gundi. Mwaka ukipita, miwili, kiraka kinalegea. Mwalimu wetu, Mama Ziba, amegundua dawa ya kulioshea jino kabla ya kupaka gundi. Inavizima hivyo vimeng'enya."

"Na sasa?"

"Kesho kutwa wanakuja walimu wa vyuo vingine. Tungeyavuta meno yale kwenye mashine mbele yao. Viraka vikishika, njia yake ifundishwe kila mahali. Bila meno hatuna la kuonyesha."

Mama Ziba mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Jina hilo alipewa na wanafunzi, likamganda. Nusu ya mji ilikuwa imelala chini ya taa yake na kuachama.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Ziba alimtazama mdomoni, si machoni, kama ilivyo kwa watu wa kazi yake. Kisha akainamisha kichwa. Inspekta naye akafunga mdomo haraka. Jino lake la pembeni lilizibwa na mama huyu, na juzijuzi kiraka kilitoka na karanga, akakitema kiganjani. Hakumwambia mtu. Mtu kama yule unamwendea na maneno gani? Tangu hapo alikuwa anatafuna upande mmoja na kunyamaza.

Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili, moja ya Mama Ziba, moja ya mlinzi. Alama za vidole zilizochukuliwa zilikuwa za watu walewale wa kila siku. Daktari msaidizi alikuwa zamu ya wagonjwa wa dharura Jumapili nzima, na wenzake walithibitisha. Mama Ziba hakuulizwa kitu. Nani amuulize mtu kama aliiba jasho lake mwenyewe? Akabaki mlinzi.

Walimkuta nyumbani kwake, sebuleni, pamoja na mkewe na mama mkwe aliyekuja kuwatembelea. Shavu moja la mlinzi lilikuwa limevimba, naye alikuwa amelifunika kwa mkono.

"Jumapili nzima ulikuwa wapi?"

"Kazini, afande."

"Nani aliingia maabara?"

"Sikuona mtu."

"Hukuona, au hukuwepo?"

Mlinzi alimtupia jicho mama mkwe, akatazama sakafu.

"Nauliza tena. Ulikuwepo langoni?"

"Sikuwepo langoni."

"Ulikuwa wapi?"

Mlinzi alilibana shavu zaidi. Inspekta alikuwa na mkuu wa kituo aliyempigia simu kila baada ya muda kumuuliza meno yamefika wapi, huku nyuma ya sauti yake wengine wakiangua kicheko. Alitaka kesi ile imtoke mikononi. Akatoa pingu.

"Afande," mlinzi alisema kwa sauti ya chini, "hata nje tu. Nifunge nje."

Alimfunga palepale. Mama mkwe aliinuka taratibu, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Mlinzi alitembea hadi kwenye gari akiwa ameinamisha kichwa, na Koplo akamfungulia mlango.

Asubuhi iliyofuata Inspekta alichemsha mayai, kwa kuwa ndiyo chakula ambacho jino lake lilikuwa bado linakiruhusu. Yalipoiva aliyatoa kwa kijiko, moja baada ya jingine. Akabaki ameshika kijiko anatazama sufuria. Maji yalikuwa yameshuka.

Yangekosaje kushuka? Ukitoa kitu kwenye maji, maji yanapungua. Hata mtoto anajua. Lakini lile tangi lilitolewa safu nzima ya chupa, na maji yakabaki kwenye mstari mwekundu.

Alimpigia simu daktari msaidizi.

"Maji ya tangi yakishuka, kunatokea nini?"

"Kifaa cha kupasha joto kinaungua, afande. Ndiyo maana yeyote akitoa chupa anaongeza maji. Mama Ziba alitufokea mpaka tukazoea. Siku hizi unajaza bila kufikiri."

"Mlinzi anajua hilo?"

"Mlinzi haruhusiwi kugusa tangi."

Inspekta aliyaacha mayai mezani. Mwizi aliyeiba chupa kisha akajaza maji ili tangi lisiungue si mwizi wa mitaani. Ni mwenye nyumba. Na yeye Inspekta alikuwa amemtia pingu mtu mbele ya mama mkwe wake. Uso ulimwaka akiwa peke yake jikoni.

Kituoni aliomba mlinzi aletwe ofisini, akafunga mlango.

"Fungua mdomo."

"Afande?"

"Achama nione."

Mlinzi aliachama kwa shida. Nyuma kabisa, upande ule uliovimba, palikuwa na jino lenye shimo la duara, limekatwa vizuri kwa mashine, na ndani hamna kitu.

"Nani aliliziba?"

Mlinzi akafunga mdomo na macho pia.

"Ni Mama Ziba?"

"Bure, afande. Aliniziba bure, akanipa na dawa ya kusukutua. Jumapili liliniuma nikashindwa kusimama. Nikameza vidonge, nikajilaza chumba cha pampu, usingizi ukanipitia."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningeulizwa jino gani, nani aliliziba. Mtu amekutendea wema, wewe uende ukatangaze kwamba kazi yake imefunguka? Na mama mkwe yuko pale, naye aliwahi kutolewa maumivu ya jino na Mama Ziba huyohuyo. Niliona heri nilale ndani."

Inspekta aligusa shimo lake kwa ulimi. Alitaka kumwomba radhi palepale, akaahirisha, na kwa hilo pia aliona aibu.

"Langu nalo limefunguka," ndilo lililomtoka.

Mama Ziba alikuwa akiishi peke yake. Alifungua mlango akiwa amevaa kanga, akawakaribisha Inspekta na Koplo viti bila kuuliza wamefuata nini. Kwenye meza ya kulia zilisimama chupa za chai nne, vifuniko vimekazwa.

"Una wageni, mama?" Inspekta aliuliza.

"Sina."

"Basi nimiminie chai."

Mama Ziba hakusogea. Koplo aliitazama meza, kisha akaondoa kofia kichwani.

"Si chai, mwanangu," alisema Mama Ziba.

Inspekta alifungua kifuniko cha kwanza. Mvuke mwembamba ukapanda. Ndani ya maji ya uvuguvugu, ndani ya chupa ndogo za kioo, meno yalikuwa yametulia.

"Niliyachukua niyatupe," Mama Ziba alisema. "Mkono ulikataa. Jino likikauka linapasuka. Nimekuwa nikibadilisha maji kila yakipoa."

"Kwa nini uliiba kazi yako mwenyewe?"

"Jumamosi niliyapitia kwa lenzi, nijiandae kwa wageni. Nusu aliyaziba msaidizi wangu, nusu mimi. Dawa ileile, gundi ileile. Ya kwake hayana hata ufa. Ya kwangu yote yana mstari wa kahawia pembeni ya kiraka. Mengine yanacheza ukiyagusa kwa ukucha."

"Kwa hiyo dawa inafanya kazi."

"Inafanya. Kilichoharibu ni mkono wangu."

"Mkono ulifanya nini?"

Mama Ziba aliviweka viganja vyake mezani, akavitazama.

"Uliharakisha. Gundi inataka jino lenye unyevu, lisiwe kavu kama mfupa wala lisilowe. Inataka kusuguliwa polepole, kisha isubiriwe kabla ya kuwasha taa. Nimewafelisha watoto wa watu kwa jambo hilo. Lakini foleni mlangoni ni ndefu, na mimi najua, si ndiyo? Nikapuliza upepo, nikapaka, nikawasha taa. Mwingine. Mkono ukazoea, hata kwenye meno ya maabara. Sijui nilianza lini. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Hakuna aliyerudi," Inspekta alirudia.

"Nikadhani ni kwa kuwa viraka vinashika. Kumbe watu wananiheshimu."

Akavificha viganja chini ya meza. Koplo alijifanya anasoma kalenda ukutani.

"Jana ulipoingia maabara, ukanisalimia na kufunga mdomo," aliendelea. "Nikaliona lile shimo. Nikajua mji mzima unatembea na mashimo yangu na kunipa shikamoo."

"Na mlinzi, mama? Ulijua kwamba tumemkamata?"

"Nilijua jana jioni."

"Ukafanya nini?"

"Nilivaa nije. Nikafika mlangoni. Nikavua." Alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Hilo ndilo linaloniua. Meno niliyaiba kwa aibu ya kazi. Yule nilimwacha kwa makusudi."

Inspekta alisimama. "Twende kituoni ukaandike maelezo. Hapana haja ya pingu."

"Yeye ulimfungia wapi?"

"Sebuleni kwake. Mbele ya mama mkwe wake."

"Basi nami nifunge. Na tupitie chuoni."

Inspekta alimfunga. Vidole vilivyokuwa vimewahi kumshika taya kwa upole vilitulia ndani ya chuma. Langoni mwa chuo wanafunzi walisimama kando ya njia wakizitazama pingu. Koplo alitangulia amekumbatia chupa za chai. Daktari msaidizi alipofika mbio, Mama Ziba hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Vielelezo polisi watakuazima. Wageni wakija, yavute meno yote. Anza na yangu. Na uwaambie ya nani."

Msaidizi alilia. Mama Ziba aligeuka akarudi kwenye gari.

Kituoni mlinzi alikuwa ameshatolewa mahabusu, ameketi kwenye benchi la mapokezi akingoja mkanda na viatu vyake. Inspekta alimwendea, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama askari anayesubiri adhabu.

"Nilikukosea. Nitakupeleka nyumbani mwenyewe, na nitalisema hilo mbele ya mama mkwe wako."

Mlinzi alikuwa anatazama mlangoni, ambako Mama Ziba alikuwa ameingia na pingu zake. Akasimama wima, kiatu kimoja mguuni.

"Shikamoo, mama," alisema, na mkono ukapanda upesi kulifunika shavu.

Mama Ziba alimsogelea, akainua mikono yote miwili, kwa kuwa mmoja haukuweza kwenda bila mwenzake.

"Ondoa mkono, baba," alisema. "Achama. Nione nilichokufanyia."